Mpira wa Njano wa Mama Kimya

Katika ukoo wetu mzima, kuanzia mababu hadi kitukuu cha juzi ambaye bado hana meno, kama mimi, hakuna aliyewahi kuupiga mpira wa gofu mara moja tu ukaingia shimoni. Mimi nimeupiga. Nina miaka sabini na mbili, goti moja zima na la pili la kuliombea dua, na nimeupiga mara moja ukaingia.

Ila mpira wenyewe haukuwa wangu.

Ulikuwa wa Mama Kimya. Na Mama Kimya, kama mlivyosoma wiki iliyopita mkanicheka, hayupo. Hajawahi kuwapo. Nilimzaa mwenyewe, kwa kalamu, nikiwa na miaka sabini na moja, tena bila mkunga.

Kwa wale ambao gazeti la wiki jana walifungiwa nalo vitu dukani kabla hawajalisoma, nawasimulia upesi.

Nilikuwa dobi wa hoteli ya mapumziko kwa miaka thelathini na mmoja. Mashuka niliyofua, ukiyaunga, utaifunika mbingu na kipande kitabaki cha foronya. Mume wangu alikuwa fundi wa nyasi hapo hapo. Kile kiwanja kidogo cha gofu nyuma ya chumba cha kufulia ni kazi ya mikono yake: mashimo tisa, mafupi mafupi, kila moja la kumalizwa kwa mapigo matatu. Na ni cha kutembea kwa miguu tu. Kigari hakikanyagi. "Anayetaka kubebwa aende kiwanja kikubwa," alikuwa akisema. "Zangu ni nyasi, si barabara."

Nilipostaafu nilipewa kadi ya kucheza pale bure kila Jumanne asubuhi, mpaka nife. Hilo la kufa hawakuliandika, nimeongeza mimi.

Halafu akafa yeye. Nikabaki na Jumanne.

Sasa, pale dirishani kwa karani pana ubao: HACHEZI MTU PEKE YAKE. Mgeni mmoja aliwahi kuanguka shimo la tano, akalala pale hadi maji ya kumwagilia yakamwamsha jioni. Tangu hapo ni lazima muwe wawili, na kila mmoja amwandikie mwenzake kadi ya mchezo na kuisaini. Anayevunja ananyang'anywa ruhusa, hakuna mjadala.

Mwenzangu yuko chini ya udongo. Ningemsainisha vipi?

Ndipo nikamwandika Mama Kimya. Nikampa mpira wa njano, mimi nikachukua mweupe. Napiga wangu, napiga wake. Kadi moja nasaini kwa mkono wa kulia, ya pili kwa wa kushoto. Dirisha la karani linatazama barabarani, kwa hiyo kila Jumanne namwambia mwenzangu ametangulia, naye anagonga muhuri bila kuinua kichwa. Mwaka mzima.

Alikuwa rafiki mzuri. Haazimi sufuria, haniambii nimekonda.

Na kuna jambo wiki iliyopita niliwaficha kwa aibu. Shimo la nne lina benchi. Nilikuwa nikikaa pembeni kabisa, ili yeye apate nafasi.

Haya, niliwaacha shimo la saba. Mpira wa njano umegonga bendera, umetumbukia, na ng'ambo ya ua wa maua mtu anapiga makofi.

Alikuwa mgeni wa hoteli, mzee wa kofia pana, katoka kujinyoosha miguu na kikombe cha kahawa mkononi. Aliuona mpira ulivyotua. Aliyeupiga hakumwona, ua ulimkinga. Akazunguka mbio mbio, kahawa inammwagikia.

"Bibi! Umeingia! Pigo moja! Umeingia!"

Ningesema ahsante tu, mambo yangeishia hapo. Neno moja, hata kwa mtu asiye na meno halina shida.

"Si wangu," nikasema. "Wa njano ni wa mwenzangu."

Mnashika vichwa, najua. Nami nilikishika changu, baadaye. Lakini mwaka mzima wa njano ulikuwa wake. Ningemwibia pigo mtu asiyeweza hata kujitetea? Ukiukalia uongo muda mrefu unaanza kuuonea huruma.

"Mwenzako yuko wapi?" akauliza Kofia.

"Kaenda kichakani."

"Kapiga pigo la maisha yake, kakimbilia kichakani?"

"Tumbo, baba. Tumbo halingoji makofi."

Akacheka, akaushika mkono wangu akautikisa, akasema nimfikishie hongera. Kisha akaenda zake. Nikashusha pumzi. Nikaokota mpira wa njano shimoni, nikaufuta kwa upande wa gauni, nikamwambia Mama Kimya: "Tumepona."

Hatukupona. Kofia alikwenda moja kwa moja kwa karani.

Nilipofika dirishani, karani, mtu mzima mwenye miwani ya kamba, ambaye kwa mwaka mzima hakuwahi kuinua kichwa, alikuwa amesimama nje ya kibanda. Amevaa tabasamu ambalo sikujua analimiliki.

"Yuko wapi shujaa wetu?"

"Shujaa gani?"

"Mama Kimya! Meneja nimeshampigia. Jumanne ijayo kuna chai, kuna picha, na jina linaandikwa ubaoni. Mlete saa nne."

Ubao huo uko kwenye korido ya hoteli, wa mbao nyeusi, maandishi ya dhahabu. Wanaandikwa walioingiza kwa pigo moja. Miaka ishirini, majina kumi na moja, yote ya wageni. Aliyeyachimba mashimo yenyewe hajaandikwa popote, hata kwenye ndoo.

Hapo ndipo kisu kiliponichoma, wasomaji wangu. Jina ninalotumia ni la mume wangu. Ningekubali tu kwamba mpira ni wangu, jina lake lingeandikwa kwa dhahabu. Nafasi hiyo nimempa mwanamke wa hewa.

"Mama Kimya hapendi watu," nikasema.

"Chai tu, bibi."

"Na amesafiri."

"Lini?"

"Sasa hivi."

"Kutoka kichakani?"

Karani akaacha kutabasamu, akaegemea dirisha.

"Bibi, nikwambie kitu. Meneja huyu mpya anapenda kuhakikisha. Ameshaomba kadi zote za Mama Kimya za mwaka mzima azione. Mlete huyo mama. Akija, hakuna atakayeangalia saini. Asipokuja, zitaangaliwa moja moja. Unanielewa?"

Nilimwelewa. Nilisoma darasa la saba tu, lakini hesabu ya moja toa moja naijua.

Nikaenda nyumbani. Nyumba yangu ina vyumba viwili na viti vinne, na kinachokaliwa ni kimoja. Kuanzia Jumanne mchana nikifunga mlango, sauti ya mtu wa kunisemesha naisikia Jumapili, binti yangu anapopiga simu. Katikati hapo nasema na birika. Nalo likishachemka linanikatiza.

Wakininyang'anya Jumanne, itabaki birika.

Alhamisi nikapata akili. Mtaa wa pili anakaa Mpiga Pasi. Miaka kumi na tisa tulifanya kazi chumba kimoja, mimi nafua, yeye anapiga pasi. Nilipofiwa alikuja siku tatu mfululizo, siku ya nne nikamwambia aniache nipumzike. Akaniacha.

Nilibisha hodi. Akafungua, akanitazama kuanzia kitambaa hadi kandambili.

"Nani kafa?"

"Hajafa mtu, shoga yangu."

"Mpaka uvuke mtaa? Basi kuna mtu anaumwa sana."

Nikakaa, nikamweleza yote. Alicheka. Alicheka mpaka akashika nguzo ya kitanda. Nikasema moyoni, ahaa, nimempata.

"Kwa hiyo nije niitwe Mama Kimya? Mimi? Mdomo huu?"

"Siku moja tu. Unatabasamu, unakunywa chai, unapigwa picha, tunarudi."

"Na gofu nicheze?"

"Useme mgongo unauma."

"Huo unauma kweli." Akajifuta machozi ya kicheko. Halafu kicheko kikaisha, kama taa iliyozimwa na mtu. "Hebu nikuulize. Huyu mama wa hewa umetembea naye muda gani?"

"Mwaka."

"Kila Jumanne?"

"Kila Jumanne."

"Ubao ulisema muwe wawili."

"Ndiyo."

"Na mimi nilikuwa nakaa hapa hapa."

Jibu nalitafuta mpaka leo.

"Miaka kumi na tisa mvuke wa nguo zako umenipausha uso," akasema. "Ukatafuta mtu wa kutembea naye ukamkosa, ikabidi umtunge! Leo umeishiwa na wa kutunga ndio unakuja kwa wa kweli? Nenda, mwenzangu. Nenda na Kimya wako. Mimi ni Kelele."

Akanifungulia mlango. Hakuubamiza. Angeubamiza ningejisikia nafuu.

Jumapili simu ikalia. Binti yangu ni mshonaji wa mapazia, mji wa mbali, anakaa ghorofa ya nne. Kila mwezi ananibembeleza nihamie kwake. Na kila mwezi namwambia siwezi, nitamwachaje Mama Kimya?

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Mama Kimya hajambo?"

Hilo ni swali lake la kwanza kila Jumapili, kabla hata ya goti langu. Na mimi, badala ya kuuma ulimi, nikajisahau. Mzazi akiulizwa habari za mwanawe hujisifu, na Mama Kimya si nilimzaa mimi?

"Kaingiza mpira kwa pigo moja! Jumanne anapongezwa hotelini."

Upande wa pili nikasikia cherehani ikisimama.

"Nakuja," akasema.

"Usije! Safari ndefu, mapazia ya watu yatachelewa."

"Nakuja, mama. Mwaka mzima nasikia habari zake. Nataka nimwone."

Akakata.

Sasa hesabuni nami. Jumanne saa nne, Meneja anamtaka Mama Kimya, karani anamtaka Mama Kimya, na mwanangu wa kumzaa kwa uchungu anamtaka Mama Kimya. Mtu mmoja asiyekuwapo alikuwa na wageni kuliko mimi niliyepo.

Jumatatu nikakata shauri: nimwue.

Msishtuke. Kifo cha ghafla, usingizini, mazishi yameshapita, familia haitaki usumbufu. Nikasimama mbele ya kioo nijifunze kulia. Mara ya kwanza nilifanana na mtu anayepiga chafya. Mara ya pili nikajaribu kuwaza benchi la shimo la nne bila mtu pale upande wake. Machozi yakaja. Yakaja vizuri, nikajipongeza. Kisha nikataka kuyanyamazisha nikapike, yakakataa. Nililia hadi birika likakauka maji.

Jumanne binti yangu akashuka kwenye basi saa tatu. Akanikumbatia, akanitazama macho yaliyovimba, hakuuliza kitu. Tukatembea hadi hotelini amenishika mkono. Njia nzima nilikuwa nataka kumwambia. Kila nikifungua mdomo, yeye ananionyesha ua au paka.

Meneja alitupokea kwenye korido, chini ya ubao. Mwanamke kijana kuliko mwanangu, viatu vya kisigino kirefu. Mume wangu angemfukuza kwenye nyasi zake kwa maneno ya heshima. Mafundi wa maandishi walikuwa wamekwisha chora mstari wa penseli mahali pa jina la kumi na mbili. Meza ina vikombe, na kando ya vikombe lipo faili la kadi. Nililitambua kwa unene. Karani alikuwa amesimama nyuma ya Meneja, anazisoma tai za shingoni mwa watu waliomo kwenye picha za ukutani.

"Karibuni," akasema Meneja. "Bibi, mwenzako yuko wapi?"

Nikavuta pumzi ya msiba. Machozi yalikuwa tayari mlangoni.

"Mama Kimya," nikaanza, "juzi alfajiri..."

"Anaumwa," akasema binti yangu.

Nikageuka.

"Anaumwa," akarudia, sauti imenyooka kama pindo la pazia. "Kifua. Nimezungumza naye asubuhi hii. Amesema tumwombee radhi."

Wasomaji wangu, nimeanguka mara nyingi maishani. Nimeteleza kwenye sabuni, nimetumbukia kwenye beseni la mashuka. Sijawahi kuanguka nikiwa nimesimama, ila siku ile.

"Unamfahamu?" Meneja akauliza.

"Sana. Ni kama mama yangu mdogo."

"Yukoje? Kwa ajili ya maelezo ya gazeti letu la hoteli."

"Mfupi. Mnene kiasi. Mcheshi sana, anacheka muda wote."

Anacheka! Nusura nikasirike. Mwaka mzima mimi natembea naye, hajanichekea hata mara moja, mwanangu ndiye anachekewa?

Halafu akili yangu ya darasa la saba ikafika, inahema. Mwanangu anadanganya. Na hawezi kudanganya hivyo bila kujua. Anajua hakuna mtu. Tangu lini? Ni Jumapili ngapi ameniuliza "Mama Kimya hajambo?" akijua anaulizia hewa, na mimi nikamjibu hajambo, anakusalimu?

Nikamtazama. Yeye alitazama vikombe. Kidole chake kilikuwa kinasugua ncha ya shali, huku na huku, kama alipokuwa na miaka sita na amevunja kitu.

Meneja akafungua faili. Akaiona kadi ya juu, akaiona ya chini yake. Akalifunga.

"Nafurahi kusikia hivyo," akasema. "Mimi nilikuwa na wasiwasi. Saini zake zinayumba, nikadhani labda kuna mchezo. Lakini kama wewe unamfahamu na umezungumza naye leo, yameisha. Mpigie tu tumpongeze. Weka spika, sote tusikie."

"Atakuwa amelala," akasema binti yangu.

"Dakika moja."

"Dawa za kifua zinalewesha."

"Dada, jina linaandikwa kwa dhahabu. Nisikie sauti yake tu, hata akikohoa. Namba unayo?"

"Ninayo."

"Basi mpigie."

Karani akaacha kusoma tai. Binti yangu akatoa simu. Alibonyeza polepole, kama anayehesabu mishono, akaiweka mezani katikati ya vikombe.

"Huenda imezimwa," akasema.

Tukaisikiliza. Kimya. Kimya kingine. Nilianza kumshukuru Mungu.

Mkoba wangu ukaanza kuimba.

Nikaubana kwapani kama mtu anayemnyamazisha mtoto mchanga. Ukaimba zaidi. Sijui mwanangu alidhani simu nimeiacha nyumbani, au kidole kilikwenda chenyewe kwa mazoea. Kidole cha mtoto aliyebanwa humpigia mama yake. Nilimwona anavyobadilika rangi. Midomo yake ikaniambia bila sauti: samahani, mama.

Karani akakohoa.

Meneja hakupandisha sauti. Aliutazama mkoba, akamtazama binti yangu, akalitazama faili. Kisha akanisogezea kiti, akanikazia macho.

"Pokea," akasema. "Pokea, Mama Kimya."